Katuni Ndefu za Kwanza Duniani Ukumbini Parklands: Je, Tiketi ya Shilingi 600 Inastahili?

Ukumbi mdogo wa sinema ulioko Parklands, Nairobi, kwenye ghorofa ya pili juu ya duka la vitabu vya shule, umekuwa ukionyesha kila Jumamosi alasiri msururu wa filamu uliotangazwa kuwa wa "katuni ndefu za kwanza duniani". Tiketi ni shilingi 600 kwa mtu mzima na 300 kwa mtoto, hulipwa kwa M-Pesa, na bei hiyo inajumuisha filamu yenyewe, maelezo mafupi ya utangulizi na, pale filamu inapokuwa bubu, wanamuziki wanaopiga ala papo hapo. Katika jiji ambalo maelfu hupandia matatu Odeon bila kufikiri kwamba jina hilo liliachwa na jumba la sinema, juhudi ya namna hii inafaa kupongezwa. Hata hivyo, anayefikiria kutoa pesa zake anahitaji zaidi ya pongezi: anataka kujua ni filamu ipi hasa ya kuifuata, ni ipi anayoweza kuikosa bila majuto, na ni mambo gani ambayo waandaaji hawana budi kuyarekebisha.

Nianze na tangazo, kwa sababu linaahidi jambo ambalo hakuna ukumbi wowote duniani unaoweza kulitimiza. Katuni ndefu ya kwanza kabisa inayojulikana ni El Apóstol, iliyoonyeshwa Buenos Aires, Argentina, tarehe 9 Novemba 1917, na hakuna nakala yake iliyobaki. Aliyeitengeneza ni Quirino Cristiani, mzaliwa wa Italia aliyehamia Argentina na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, na aliyeigharamia ni mtayarishaji Federico Valle. Cristiani alikata vikaragosi vya kadibodi, akavisogeza kidogo kidogo chini ya kamera na kupiga picha moja baada ya nyingine mpaka akapata filamu ya takriban dakika 70, na mada aliyoichagua haikuwa ya watoto hata kidogo. Alimfanyia mzaha rais aliyekuwa madarakani, Hipólito Yrigoyen, ambaye katika filamu anapaa hadi kwa miungu ya kale, anaazima radi za Jupiter na kuuteketeza mji mkuu ili kuusafisha ufisadi wake. Watazamaji wa Nairobi waliokua wakitazama The XYZ Show, ambamo tangu 2009 vikaragosi vya mpira viliwasema wanasiasa wetu mambo ambayo wengine waliyanong'ona, hawakuhitaji kufafanuliwa utamu wa wazo hilo. Kicheko kilianza kabla mzungumzaji hajamaliza sentensi.

Mwaka 1926 moto ulizuka katika ghala la Valle na El Apóstol ikaungua. Filamu ndefu ya pili ya Cristiani, Sin dejar rastros ya mwaka 1918, ilitwaliwa na serikali mara tu baada ya kutolewa. Ya tatu, Peludópolis ya mwaka 1931, ambayo ndiyo katuni ndefu ya kwanza iliyokuwa na sauti, nayo ilipotea katika moto miaka mingi baadaye. Filamu za zama hizo zilichapwa kwenye utepe wa naitreti, unaoshika moto kwa urahisi wa kutisha na kuzimika kwa taabu, kwa hiyo habari za maghala kuungua zimejaa katika historia ya sinema ya nchi nyingi. Yaani mtu aliyewatangulia wote katika fani hii hana leo hata filamu moja ndefu ya kumwonyesha mgeni.

Waandaaji waliyaeleza haya kwa uaminifu katika utangulizi wa Jumamosi ya kwanza, wakionyesha michoro michache ya zama hizo na kusimulia kisa kwa ufasaha. Kasoro ni kwamba bango lililobandikwa nje na kusambazwa kwenye simu halisemi lolote kuhusu hilo, na baadhi ya watu walikuja wakiamini watatazama filamu ya 1917. Mstari mmoja tu kwenye bango ungetosha. Vilevile ingefaa watazamaji waelezwe mapema kipimo kinachotumika: taasisi kubwa za filamu za Marekani na Uingereza huhesabu filamu kuwa ndefu ikifika dakika 40, na bila kipimo hicho mabishano ya nani alimtangulia nani hayana mwisho.

Filamu inayobeba msururu mzima, basi, ni Die Abenteuer des Prinzen Achmed ya mwaka 1926, kazi ya Mjerumani Lotte Reiniger, ambayo ndiyo katuni ndefu ya kale zaidi iliyosalimika. Hii ndiyo iliyonirudisha ukumbini, na hii ndiyo ninayomshauri msomaji ailipie hata kama hatatazama nyingine yoyote. Ina urefu wa takriban dakika 65. Wahusika wote ni vivuli vyeusi vinavyopita mbele ya rangi za njano, buluu, kijani na nyekundu. Reiniger alivikata kwa mkasi kutoka kadibodi nyeusi na mabati membamba ya risasi, akaviunga viungo kwa waya, kisha akavilaza juu ya meza ya kioo iliyomulikwa kutoka chini huku kamera ikiwa imefungwa juu. Kila picha ilipopigwa, mkono ulisogezwa kiasi kidogo sana, kisha ikapigwa nyingine. Kazi hiyo ilichukua miaka mitatu, kuanzia 1923 hadi 1926, katika chumba kilichokuwa juu ya gereji ya mwenye benki Louis Hagen mjini Potsdam. Hagen alikuwa amenunua utepe mwingi wa filamu akitumai utamhifadhia mali yake wakati ambapo fedha ya Ujerumani ilikuwa ikiporomoka. Biashara hiyo haikumlipa, na utepe ukamfikia msanii ambaye, filamu ilipoonyeshwa Berlin tarehe 2 Mei 1926, alikuwa hajatimiza miaka 27.

Hakuwa peke yake. Mume wake, Carl Koch, alisimamia kamera. Walter Ruttmann alitengeneza mioto, moshi na mageuzi ya kichawi. Berthold Bartosch alishughulikia mawimbi ya bahari. Lakini mkono wa Reiniger unatambulika katika kila kiungo. Anayekaa safu za mbele ataona katika onyesho la ziwani, pale Peri Banu, malkia wa majini, anaposhuka na vazi lake la manyoya kuoga, jinsi vidole vinavyofunguka kimoja kimoja kabla ya mkono kugeuka, na jinsi shingo inavyoinama kwanza halafu mabega yakafuata, kama mtu aliyesikia sauti nyuma yake na hana hakika. Ataona pia, kwa sekunde chache, mwanya mwembamba wa mwanga unaopita kwenye bega la mwanamfalme anapoinua mkono, pale vipande viwili vya kadibodi vilipokutana. Mimi naupenda mwanya huo kuliko ufundi wote wa kisasa, ingawa nakiri kwamba kijana aliyekaa kando yangu, ambaye husomea uhuishaji wa kompyuta, aliuona kuwa dosari na akaniambia hivyo.

Kisa chenyewe hakihitaji utangulizi mrefu kwa msomaji wa Kiswahili aliyewahi kupitia hadithi za Alfu Lela Ulela. Mchawi anamletea khalifa farasi anayeruka. Mwanamfalme Achmed anampanda na kugundua akiwa mawinguni kwamba hajui namna ya kumshusha. Anatua kwenye visiwa vya Wakwak, anampenda malkia wa majini, anamnyakua, naye ananyakuliwa na mchawi na kuuzwa kwa mfalme wa Uchina. Katikati anaingia Aladini na taa yake, na mwishoni kuna pambano kati ya mchawi na ajuza wa Mlima wa Moto, ambapo wawili hao wanageuka mnyama huyu na yule, mmoja akimtafuta mwenzake udhaifu, mpaka wanarushiana mioto. Pambano hilo limetimiza miaka mia moja na bado ukumbi ulishusha pumzi kwa pamoja lilipokwisha. Palipolegea ni kisa cha Aladini, kinachosimuliwa kwa haraka na kutujia kama hadithi iliyoazimwa kujaza nafasi. Hapo watoto wawili watatu walianza kuuliza saa.

Filamu ya vivuli inadai giza kamili, na hapa waandaaji wanastahili sifa. Mapazia yao ni mazito, mlango wa nje umewekewa kitambaa cha pili, na projekta yao inatoa weusi wa kweli, si kijivu kile ambacho hufanya vivuli vionekane kama vumbi kwenye ukuta. Nakala iliyoonyeshwa ilitokana na ukarabati wa miaka ya mwisho ya 1990. Negativu asilia, yaani utepe wa kwanza uliotoka kwenye kamera, iliangamia Berlin mwaka 1945, na wakarabati walitegemea nakala ya naitreti iliyohifadhiwa Uingereza, wakazirejesha na rangi zake. Nilikuwa nimeitazama filamu hii kwenye kompyuta, bila rangi na yenye mikwaruzo, na naweza kusema kwamba ile na hii ni tofauti kubwa. Tukio la usiku lililopakwa buluu likifuatwa ghafla na jumba la njano linabadilisha hata namna mtu anavyosoma hadithi.

Kuhusu muziki sina kauli moja. Waandaaji walileta wapigaji watatu, wa udi, fidla na dumbaki, wenye mahadhi ya taarabu ya pwani, na katika safari ya farasi hewani walipiga kwa ustadi ambao uliwafanya watu wapige makofi katikati ya filamu. Lakini filamu hii si kitambaa kitupu kinachongoja kupambwa: Wolfgang Zeller aliitungia muziki wake mahususi, uliofuata mwendo wa picha hatua kwa hatua. Wapigaji wetu waliposhikilia mdundo mmoja wakati wa pambano la ajuza na mchawi, ilhali picha zilikuwa zikibadilika kwa kasi, macho yalikwenda huku na masikio kule. Pendekezo langu ni kwamba kati ya maonyesho yajayo, moja litumie muziki wa Zeller uliorekodiwa, ili mtazamaji achague mwenyewe.

Kwa msimulizi, ambaye aliyasoma kwa Kiswahili maandishi yanayotokea kati ya picha, sina ila shukrani. Nairobi ina mazoea yake ya filamu zilizosimuliwa, na wengi waliolelewa na sauti ya DJ Afro katika vibanda vya mitaani walitarajia mizaha na majina ya mitaa ya Eastlands yaliyopachikwa mahali pasipotarajiwa. Huyu alijizuia. Alisoma yaliyoandikwa, akanyamaza pale picha ilipojitosheleza, na mara chache tu akaongeza neno lake, kama alipomwita mchawi "mzee wa fitina", jambo lililowafurahisha watoto bila kuharibu chochote.

Hapa ndipo ninapofikia lalamiko langu zito zaidi. Mhusika mwovu wa filamu hii anatambulishwa waziwazi kuwa mchawi wa Kiafrika, amepewa vidole virefu kama makucha, pua iliyopinda na mgongo uliokunjamana, na ukumbi uliojaa Waafrika ulitazama hilo bila neno lolote la utangulizi. Si siri wala si uzushi wa Reiniger: katika Aladini iliyochapishwa kwa Kifaransa na Antoine Galland mwanzoni mwa karne ya 18, baada ya kuisikia kwa Hanna Diyab, Mwarabu wa Aleppo, mchawi hutoka Afrika, yaani pande za Maghribi. Sinema ya Ujerumani ya miaka ya 1920 ikaipokea sura hiyo na kuizidishia chumvi, kama ilivyofanya pia kwa mfalme wa Uchina na watumishi wake. Kwa kuwa wahusika wote ni weusi kama kaniki, mwema na mwovu, ubaguzi wenyewe umepoteza sehemu ya alama zake, na hilo lingekuwa jambo la kuvutia kulijadili. Mzazi aliyekuja na mtoto wa miaka minane hapaswi kuachiwa peke yake swali ambalo mtoto atamwuliza wakishuka ngazi. Dakika tano za maelezo zingetosha, na waandaaji walizitumia kueleza aina ya projekta.

Jumamosi ya Le Roman de Renard ilikuwa na watu wachache, na hiyo ni hasara yao waliokosa. Ladislas Starevich, mzaliwa wa Moscow aliyeanza kwa kuchezesha wadudu waliokufa huko Kaunas kabla ya kuhamia Ufaransa, alimaliza kuipiga picha filamu hii ya vikaragosi mwanzoni mwa miaka ya 1930 akisaidiwa na binti yake Irène, lakini matatizo ya sauti yakaichelewesha mpaka ilipoonyeshwa Berlin kwa Kijerumani mwezi Aprili 1937. Toleo la Kifaransa lilifuata 1941. Hadithi ni ya mbweha anayewahadaa mbwa mwitu, dubu na hatimaye simba aliye mfalme, na yeyote aliyekulia katika ngano za Sungura atajua tangu dakika ya tatu kwamba mshtakiwa huyu hatafungwa. Tofauti ni ukali wake. Sungura wetu huiba kwa sababu ana njaa au ameonewa. Mbweha wa Starevich anafurahia ubaya kama mtu anavyofurahia chai ya saa kumi, na filamu haimwadhibu. Nyuso za vikaragosi, zilizofunikwa ngozi laini, hukunjamana na kutabasamu kwa namna inayokaribia kutisha. Wakati paka anapomwimbia malkia simba chini ya dirisha, jinsi malkia anavyojifanya hasikii ingawa masikio yake yanacheza ni uigizaji ambao sijauona kwa waigizaji wengi wenye damu na nyama. Kwa maoni yangu hii ndiyo filamu inayochekesha kuliko zote msururuni, na ni aibu kwamba haikutangazwa vya kutosha.

Novy Gulliver ya mwaka 1935, ya Aleksandr Ptushko wa Umoja wa Kisovieti, sikuipenda kwa kiasi hicho. Mvulana halisi anaota kwamba amekuwa Gulliver kati ya vikaragosi vidogo, na wafanyakazi wa Lilliput wanaasi dhidi ya mfalme wao mpumbavu. Umati wa vikaragosi ni wa kustaajabisha, kila kimoja kikiwa na vichwa vya kubadilisha ili kuonyesha hisia, lakini mafunzo ya kisiasa yanarudiwa mpaka mtazamaji anachoka, na manukuu ya Kiingereza yalikuwa madogo mno kusomeka kutoka safu za nyuma. Msimulizi wa Kiswahili hakuwepo siku hiyo, na pengo lake lilionekana.

Wapo walionung'unika kwamba Snow White haikuwekwa kwenye ratiba. Naunga mkono uamuzi wa waandaaji. Filamu hiyo ya Disney, iliyozinduliwa Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937 na kugharimu takriban dola milioni 1.5 wakati watu wa Hollywood wakiicheka kwamba ingemfilisi mwenyewe, ndiyo ya kwanza ndefu kuchorwa kwenye karatasi angavu za selulodi, na mafanikio yake ndiyo yaliyowaaminisha wengi duniani kwamba katuni ndefu zilianzia hapo. Inapatikana kila mahali, na anayeitaka hahitaji kupanda ngazi za Parklands. Ningependa zaidi waongeze Princess Iron Fan ya ndugu Wan, iliyotengenezwa Shanghai mwaka 1941 na kuwa katuni ndefu ya kwanza ya Uchina, ili msururu usiishie Ulaya.

Kuhusu huduma zenyewe, picha ya Le Roman de Renard ilivutwa pembeni ili ijaze skrini pana kwa karibu robo saa, simba akawa mnene kama kiboko, hadi mtazamaji mmoja alipotoka kwenda kumwambia fundi. Filamu za zama hizo zina umbo linalokaribia mraba na zinapaswa kuachwa na weusi pande mbili; ukumbi unaojitangaza kuwa wa filamu za kale haupaswi kufundishwa hilo na mteja. Maonyesho huanza kwa kuchelewa, na aliyetoka Rongai au Kitengela na anayetegemea matatu ya kurudi ana haki ya kukasirika. Viti ni vya mbao vyenye mto mwembamba. Chai ya tangawizi na bhajia za viazi zinazouzwa wakati wa mapumziko ni nzuri na bei yake ni ya kawaida, ila harufu ya mafuta huingia ukumbini kabla ya mapumziko kufika.

Prinzen Achmed itarudiwa Jumamosi ya mwisho ya msururu, saa tisa alasiri, na tiketi za mara ya kwanza ziliisha, kwa hiyo ni vyema kulipa mapema. Watoto walio chini ya miaka saba huenda wakaogopa majini wa Wakwak. Safu ya tatu na ya nne katikati ndizo bora zaidi; viti vinne vya nyuma upande wa kushoto viepukwe, kwa sababu viko nyuma ya nguzo na bado vinauzwa kwa bei ile ile.